Bunduki moja, risasi aina mbili, matundu yanaenda kila mahali: tatizo ni mimi, mtutu au risasi?

#1 Kimya_Porini
Wakuu salaam. Nina raifo ya .308 ya bolti, mwaka wa nne sasa niko nayo, na siku zote nimeilisha risasi za kichwa (kile kinachoruka) cha uzito wa greni 150, zile za kawaida. Mita 100, juu ya benchi, mifuko ya mchanga chini, matundu matano yanakaa ndani ya sentimita tatu na nusu, sina malalamiko. Msimu huu nikabadilisha nikachukua boksi la greni 180 maana niliambiwa kichwa kizito kinaingia ndani zaidi kwa mnyama mkubwa. Jumamosi nimepiga tano. Kwanza zote zimeshuka na kwenda kushoto, kama sentimita 12 toka nilipolenga. Pili zimetawanyika, tundu la mbali na la mbali ni sentimita 11. Nikarudi kwenye 150, zikarudi palepale pa siku zote. Nikarudia 180, yaleyale.

Mtutu uleule, darubini ileile, bega lilelile. Nisaidieni maana wiki ijayo naingia porini na sitaki kumjeruhi mnyama akatokomea na jeraha.

#2 Tai_Mzee
Hiyo rahisi mkuu. Kichwa kizito kinaenda polepole kwa hiyo kinaanguka zaidi. Panda na darubini hizo sentimita 12, kazi imeisha.

#3 Hesabu_Kwanza
Tai_Mzee hapana, tuhesabu kidogo. Greni 150 inatoka kama mita 850 kwa sekunde, 180 tuseme 790. Mita 100 ya kwanza moja inaimaliza kwa sekunde 0.123 hivi na nyingine 0.132. Kuanguka ni nusu ya 9.8 mara muda mara muda, ya kwanza inapata sentimita 7 na kitu, ya pili 8 na nusu. Tofauti ni sentimita moja na ushee. Hizo nyingine 11 zimetoka wapi? Na dunia inavuta chini, haivuti kushoto.

#4 Fundi_Mtutu
Mnachanganya mambo mawili. Aliyeleta uzi ameuliza vitu viwili na kila kimoja kina sababu yake.

Kuhama kwa kundi zima ni kawaida kabisa. Mtutu ukifyatuliwa unatetemeka, chukua nondo igonge na nyundo utaisikia mkononi, ndo hivyohivyo. Ncha ya mtutu inacheza juu chini na pembeni wakati kichwa bado kiko ndani kinakimbia. Kichwa chepesi kinatoka ncha ikiwa huku, kizito kinachelewa kinatoka ncha ikiwa kule. Ndo maana unaweza kukuta risasi mbili zinaachana kwa upana wa kiganja na hakuna kilichoharibika. Hapo unarekebisha darubini tu, nyingi klik moja ni kama milimita 7 kwenye mita 100, kwa hiyo sentimita 12 ni klik kama 17.

Kutawanyika ndo ugonjwa. Sentimita 11 na bunduki inayoweza 3.5 hapana. Kabla ya falsafa yoyote kaza skrubu. Za kwenye kitako na za kwenye pete za darubini. Nimeletewa bunduki nyingi sana za "mtutu umekufa" na mtutu ulikuwa mzima, skrubu ya mbele ya kitako ndo ilikuwa inazunguka kwa kidole.

#5 Tai_Mzee
Hesabu_Kwanza nimekubali ya sentimita moja. Ila skrubu ikilegea si ingeharibu hata zile 150?

#6 Dada_Shabaha
Tai_Mzee hapo umeuliza la maana, na mimi jibu langu ni bega. Kimya_Porini usikasirike kaka yangu. Greni 180 inapiga teke zaidi ya 150, si kwa kiasi kikubwa lakini mwili unajua. Ukishapigwa moja, ya pili unaisubiri, na ukiisubiri unaisukuma. Kwa anayepiga mkono wa kulia mara nyingi sana inakwenda wapi? Chini kushoto. Soma tena posti yako ya kwanza.

Kuna kipimo hakidanganyi. Mpe mwenzio unayemwamini akujazie magazini wewe ukiwa umegeuka, achanganye risasi halisi na za bandia, zile za mazoezi zisizo na baruti wala fataki. Piga kama kawaida. Ikifika ya bandia, bunduki ikalia "tik" na mtutu ukainama, umejijua. Mimi nilikataa kabisa kwamba nashtuka, mpaka siku nilipoona mtutu wangu umedokoa chini kama kuku anayekula, na hakuna risasi iliyotoka.

#7 Kimya_Porini
Dada, napokea. Sidhani kama ni mimi, ila sitabishana na kipimo ambacho sijakifanya. Jumamosi nafanya yote mawili, skrubu na risasi za bandia.

#8 Mzee_wa_Gobore
Nawasoma wajukuu zangu na nafurahi. Sisi tulijifunza kwa gobore na gobore halina boksi lenye maandishi, unajaza mwenyewe na kosa lako linakusubiri mlemle ndani ya mtutu. Nitasema machache kwa sababu najua humu kuna vijana wanayapenda haya makongwe.

Baruti yake ni ile nyeusi tu. Hii ya kisasa isiyo na moshi usitie hata chembe, presha yake ni nyingine kabisa, mtutu unafunguka. Unapima kwa kipimo, humimini toka kwenye kopo kubwa moja kwa moja, maana likibaki kaa humo ndani kopo zima linawaka mkononi. Ukimaliza unashindilia kichwa mpaka kikae JUU ya baruti, kigusane nayo, pasibaki nafasi. Rafiki yangu kichwa chake kilikwama katikati kwa sababu ya masizi akasema kitajiweka sawa chenyewe. Akafyatua. Alipona, lakini mtutu ulitoka umevimba katikati kama nyoka aliyemeza panya. Nimeushika kwa mikono yangu.

Ufito wangu wa kushindilia una alama mbili nilizokwaruza kwa msumari. Ya juu inakuja usawa wa mdomo gobore likiwa tupu, ya chini likiwa limejazwa sawasawa. Ukishajaza, alama ya chini ikisimama juu ya mdomo, ama umejaza mara mbili ama kichwa hakijafika. Nautumbukiza kila nikilishika, hata kama nililiacha mwenyewe saa moja iliyopita.

#9 Chipukizi_01
Shikamoo Mzee. Na ikigoma kuwaka je?

#10 Mzee_wa_Gobore
Marahaba mjukuu wangu. Ikigoma usiigeuze kuitazama. Acha mdomo umeelekea kwenye shabaha, hesabu dakika nzima. Kuna baruti inawaka kwa kusitasita, wewe unadhani imekufa kumbe inajiandaa.

#11 Chipukizi_01
Asante Mzee. Wakuu mimi ni mgeni kabisa, nimeanza kwenda kwenye uwanja wa shabaha mwezi uliopita. Nina maswali mawili. Moja, mnaposema "risasi" mnamaanisha ipi maana kila mtu anaitumia tofauti. Mbili, bunduki ya kwanza iwe ipi.

#12 Mjaza_Maganda
La kwanza nalijibu mimi maana ndo linaloharibu nusu ya nyuzi humu. Kwetu neno risasi ni kichwa kinachoruka, ni kitu kizima pamoja na ganda, na ni ile madini yenyewe nzito laini. Kwa hiyo mtu akikwambia "risasi ya risasi" ana akili timamu. Mimi nikiandika nasema hivi: ganda ni kikombe cha madini, fataki ni kale kaduara kitakoni kanakogongwa, baruti iko ndani, kichwa ndo kinachotoka. Marisau ni zile chembe za shotigani. Na greni 150 iliyoandikwa kwenye boksi ni uzito wa kichwa peke yake, kama gramu 9.7, si uzito wa baruti. Nimeshakutana na mtu aliyeanza kujaza maganda yake mwenyewe akidhani hiyo 150 ni baruti. Bahati aliuliza kabla.

#13 Dada_Shabaha
La pili: .22, usitafute kingine. Ipo toka 1887 na bado ndo inafundisha watu wengi kuliko zote. Haipigi teke, kwa hiyo unajifunza kupumua na kuvuta triga bila mwili kukuingilia. Ukiwa na nafasi ya bunduki ya upepo ya milimita 4.5 pia ni shule kubwa, wale wa mashindano ya mita 10 katikati ya shabaha yao ni nukta ya nusu milimita. Nusu milimita! Watu wanaigonga wamesimama.

#14 Bunduki_Kubwa
Mnamzungusha Kimya_Porini bure. Mnyama mkubwa unampelekea bunduki kubwa. Achana na .308 chukua .375 H&H, ipo toka 1912 na haijawahi kumwangusha mtu. Hutauliza tena habari ya 150 au 180.

#15 Fundi_Mtutu
Bunduki_Kubwa, amesema kichwa cha 180 kinatawanyika. Akipiga .375 inayotawanyika sentimita 11 atakuwa amekosea kwa kishindo zaidi.

#16 Hesabu_Kwanza
Na kuna yule mwindaji wa zamani Bell, waliyemwita "Karamojo" kwa sababu ya Karamoja ya Uganda. Tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwapiga kwa kaliba ndogo ya 7×57, vichwa vigumu visivyofunguka. Alikata mafuvu ya tembo akasoma ubongo umekaa wapi.

#17 Bunduki_Kubwa
Bell alikuwa Bell. Na aliwapiga tembo ambao walikuwa hawajazoea bunduki, akiwa karibu, na nyakati zile. Leo baadhi ya nchi sheria inakataa kabisa chini ya .375 kwa wanyama hatari, na sheria hiyo imewekwa kwa sababu watu walijaribu kuwa Bell na hawakuwa. Mfano wako ni kweli lakini ni hatari kumpa mgeni.

#18 Hesabu_Kwanza
Hapo sina ubishi mkuu. Nilichotaka kusema ni mahali risasi inapoingia. Lakini umenena kweli kuhusu mgeni.

#19 Msokoto
Nimechelewa kwenye uzi. Kimya_Porini, karatasi ulizopiga bado unazo? Usitazame matundu yako wapi, tazama matundu yenyewe. Ni duara safi au yamerefuka? Na kwenye kingo kuna ka-alama ka kijivu pande zote au upande mmoja tu?

#20 Kimya_Porini
Nimeitoa karatasi nimeiweka mezani chini ya taa. Ya 150 matundu ni duara, yana pete nyembamba ya kijivu kuzunguka yote. Ya 180, mawili ni duara au karibu na duara. Matatu yamerefuka kidogo, si sana, kama mbegu ya tikiti ukiilinganisha na punje ya mtama, na ile pete ya kijivu iko upande mmoja tu. Sikuwa nimeona hili. Inamaanisha nini?

#21 Msokoto
Inamaanisha kichwa kinafika kwenye karatasi kikiwa kimelala kidogo, kinayumba, hakiendi ncha mbele.

Ndani ya mtutu kuna ile michirizi inayozunguka. Kazi yake ni kukizungusha kichwa kama pia, na pia ikizunguka vizuri inasimama, ikizunguka polepole inayumba inaanguka. Kasi ya kuzunguka inatokana na msokoto, yaani kichwa kinasafiri umbali gani ndani ya mtutu mpaka kimalize mzunguko mmoja. Na hapa watu wengi wanateleza: kinachodai msokoto mkali ni UREFU wa kichwa zaidi ya uzito wake. Uzito tunautaja kwa sababu kichwa kizito cha kaliba ileile hakina pa kwenda ila kurefuka.

Hili hata majeshi limewapiga. M16 za mwanzo zilikuwa na msokoto wa inchi 14, kwenye hewa ya baridi kali hewa inakuwa nzito zaidi na vichwa vikaanza kuyumba, wakabadilisha wakaweka 12. Baadaye walipoleta vichwa virefu zaidi wakashuka mpaka 7.

Maswali mawili. Hizo 180 zimetengenezwa na nini? Na mtutu wako msokoto wake ni ngapi?

#22 Kimya_Porini
Boksi linasema ni shaba tupu, haina madini ya risasi ndani. Nilichukua hizo kwa sababu sitaki vipande vya risasi kwenye nyama. Msokoto sijui, haujaandikwa kwenye mtutu.

#23 Msokoto
Shaba tupu!! Hilo ungelisema posti ya kwanza ndugu yangu. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kama gramu 8.9 kwa 11.3 kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo ili kufika uzito uleule kichwa lazima kiwe kirefu zaidi.

Kupima msokoto: toa magazini, fungua bolti, angalia chemba kwa macho na kwa kidole kwamba ni tupu, kisha toa bolti yenyewe. Chukua ufito wa kusafishia ambao mpini wake unazunguka wenyewe, weka kitambaa kinachobana. Uingize toka nyuma mpaka kitambaa kishike. Bandika kipande cha tepu kwenye ufito karibu na mpini kisimame kama bendera juu. Chora alama kwenye ufito pale unapoingia. Sukuma taratibu, bendera itazunguka, ikirudi juu chora alama nyingine. Umbali kati ya alama mbili ndo msokoto. Fanya mara tatu.

#24 Mjaza_Maganda
Msokoto anaweza kuwa sawa lakini msisahau kitu kingine. Vichwa vya shaba tupu vina tabia yake, vingi vinapenda kuruka kidogo kabla ya kukutana na michirizi, milimita moja au zaidi. Mimi najaza mwenyewe kwa hiyo narekebisha urefu, yeye ana za kiwandani, anachukua alichopewa. Nimeshawahi kuhangaika wiki tatu na kundi la sentimita 8, nikaingiza kichwa ndani ya ganda zaidi kidogo tu, likawa sentimita 3.

Na kwa anayetaka kuanza kujaza kwa kusoma hapa: usichukue kipimo cha baruti kwa mtu wa mtandaoni hata mimi. Kitabu cha mtengenezaji wa hiyo baruti, unaanza asilimia kama 10 chini ya kiwango chake cha juu na unapanda kidogo kidogo ukiangalia maganda na fataki. Kopo moja la baruti mezani, si mawili. Na siku ukisikia "pof" badala ya mlio, simama hapohapo, toa kila kitu, chungulia mtutu toka upande wa chemba. Kuna kichwa kimebaki humo. Mimi kilinibakia, na mkono ulikuwa umeshaanza kuvuta bolti kuleta nyingine. Jirani yangu kwenye mstari ndo aliyepiga kelele.

#25 Chipukizi_01
Samahani nawarudisha nyuma. Kwa hiyo .22 nichukue zile za kasi au za kawaida? Nimenunua za kasi nikidhani upepo utazisumbua kidogo.

#26 Dada_Shabaha
Za kawaida. Na hapo kwenye upepo ni kinyume na watu wengi wanavyodhani, nilipoambiwa sikuamini mpaka nilipopiga boksi mbili siku moja ya upepo. Sauti inaenda kama mita 340 kwa sekunde. Ile ya kasi inatoka juu ya hapo, hewa inaikaba sana pale karibu na kasi ya sauti, inapoteza mwendo mwingi kwa muda mfupi, na upepo unaisukuma zaidi. Ile ya kawaida inatoka chini ya sauti tayari, inaenda imetulia. Ndo maana wanaopiga mita 50 kwenye mashindano, ambako duara la kumi ni milimita 10.4, hawashiki za kasi.

#27 Ndege_Asubuhi
Sisi wa shotigani tumesahaulika humu. Chipukizi ukichoka na karatasi njoo kwenye visahani, kinaruka, kinavunjika hewani, moyo unafurahi. Anza na choki (kibano cha mdomo wa mtutu) iliyo wazi. Watu wanabana choki wakidhani itawasaidia kufika mbali, kumbe visahani vingi vya mwanzo viko karibu na wewe unahitaji marisau yatanuke. Iliyobana kabisa ndo ile inayosemwa inaweka asilimia 70 ya marisau ndani ya duara la sentimita 76 kwenye yadi 40, iliyo wazi kabisa kama 40. Ila hizo namba za kwenye karatasi, bunduki yako ina zake. Tundika karatasi kubwa, piga, hesabu matundu. Inachosha lakini hesabu.

Na uzito usiwe na tamaa. Mashindano ya olimpiki ni gramu 24 tu na visahani vinavunjika.

Moja la maana kuliko yote niliyoandika: usichanganye kaliba 20 na 12 mfukoni. Ya 20 ni nyembamba, ukiitia kwenye 12 inateleza inapita chemba inakwama mbele kidogo ndani ya mtutu. Wewe ukichungulia unaona chemba tupu, unadhani umesahau kujaza, unatia ya 12 nyuma yake, unafyatua. Ndo maana maganda ya 20 mengi yanatengenezwa ya njano. Ukiona njano kwenye mfuko wako wa 12 mwaga vyote chini uanze kupanga upya.

#28 Tai_Mzee
Namba ya shotigani inashangaza wageni kwamba 20 ni ndogo kuliko 12. Ni idadi ya vigololi vya risasi vya upana wa mtutu vinavyotoka kwenye ratili moja. Vigololi 12 ni vikubwa kuliko vigololi 20.

#29 Ndege_Asubuhi
Barabara. Isipokuwa .410, ile ni upana wenyewe wa inchi, haifuati hesabu hiyo.

#30 Kimya_Porini
Wakuu nimerudi toka uwanjani. Nitasema nilichokiona.

Skrubu: ya mbele ya kitako ilikuwa imelegea robo mzunguko. Fundi_Mtutu heshima yako. Nimekaza.

Risasi za bandia: shemeji alinijazia. Katika bandia nne, tatu mtutu ulitulia, moja ulidokoa chini kushoto. Dada_Shabaha na wewe heshima yako, sikutegemea hata hiyo moja.

Baada ya hapo nimepiga 180 tano taratibu, napumzika kati ya moja na nyingine mtutu upoe. Kundi limekuwa sentimita 7 badala ya 11. Bado liko chini kushoto ila sentimita 8. Matundu mawili kati ya matano bado yamerefuka. Zile 150 nazo zimebana zaidi kidogo.

Msokoto nimepima mara tatu, milimita 304, 306, 305. Ni inchi 12. Urefu wa kichwa cha 180 nimeupima kwa kichwa nilichookota kwa rafiki anayejaza, aina ileile, milimita 35.

#31 Hesabu_Kwanza
Asante kwa namba, ndo tunazotaka. Kuna kanuni ya Greenhill ya 1879, ya zamani lakini rahisi: 150 mara upana wa kichwa mara upana, gawa kwa urefu. Upana 7.82, mara wenyewe ni 61.2. Mara 150 gawa 35 unapata milimita 262. Mtutu wako ni 305, kwa hiyo unazungusha polepole mno. Ila kwa vichwa vya kasi kubwa watu wanaweka 180 badala ya 150, hapo unapata 315 na mtutu wako unapita kwa kubanwa.

#32 Msokoto
Hiyo 180 ni kwa zaidi ya mita 850 kwa sekunde, yake haifiki. Na umesahau uzito wa madini. Kanuni ilitengenezwa kwa kitu kizito kama risasi, kwa shaba unapunguza kama asilimia 10, hata hiyo 315 inashuka mpaka 285. Kwa hesabu yoyote ya hizo, inchi 12 haitoshi.

#33 Fundi_Mtutu
Kanuni ya 1879 jamani. Mimi nina wateja wenye inchi 12 wanapiga 180 za kawaida miaka nenda rudi zinabana. Na kukaza skrubu peke yake kumemtoa 11 mpaka 7, hilo mbona mnalipita? Karatasi ikining'inia imelegea nayo inachana matundu marefu. Aibandike kwenye ubao mgumu kwanza.

#34 Msokoto
180 za kawaida ni fupi mkuu, ndo nilichosema posti ya 21. Na karatasi ileile ilitoa duara kwa 150.

#35 Dada_Shabaha
Na bandia moja kati ya nne imedokoa. Ukitoa risasi moja katika tano kwenye kundi la sentimita 7, linabaki ngapi? Kimya_Porini, ile moja iliyokwenda mbali ni ya ngapi kupigwa?

#36 Kimya_Porini
Ya nne. Ukiitoa zinabaki sentimita 5. Lakini hiyo ya nne ndo mojawapo ya yaliyorefuka, na bega halirefushi tundu, au linarefusha?

#37 Dada_Shabaha
Halirefushi. Hapo nakaa kimya nafikiria.

#38 Mjaza_Maganda
Swali ambalo halijaulizwa: ulisafisha mtutu kati ya 150 na 180? Shaba tupu juu ya masalia ya shaba iliyofunika vichwa vya 150, mitutu mingine inagoma mpaka upige kumi na kitu izoee. Tano ni chache. Na kama ulisafisha ukaacha mafuta, ile ya kwanza usiihesabu kabisa, mafuta mtutuni yanaipeleka pengine.

#39 Kimya_Porini
Sikusafisha. Nilipiga juu ya uchafu wa 150.

#40 Mjaza_Maganda
Basi tumerudi mwanzo ndugu.

#41 Mzee_wa_Gobore
Mjukuu wangu, wiki ijayo unaingia porini na kichwa kipi?

#42 Kimya_Porini
Mzee naingia na 150 niliyoizoea, na nimejiwekea mita 120 mwisho, zaidi ya hapo sifyatui. Zile 180 nitazimalizia kwenye karatasi, mtutu umesafishwa, ubao mgumu nyuma. Nimepata pia sampuli ya shaba tupu greni 150, ni fupi, milimita 30 hivi. Kuna mwenye .308 ya inchi 12 amewahi kuzipiga hizo?

#43 Tai_Mzee
Mimi. Inchi 12, shaba 150, kundi sentimita 3 bila wasiwasi.

#44 Ndege_Asubuhi
Mdogo wangu anayo ya inchi 12 pia, boksi hilohilo la shaba 150, haishuki chini ya 7. Matundu yote duara safi. Skrubu tumekaza mbele yangu.